Trekta Lililobaniwa Maji Mkunya

Jua halijafika hata kimo cha paa, na shati la Bartholomayo Chitanda limekwisha kulowa mgongoni. Ameinama mbele ya trekta, mguu mmoja ameutanguliza, mikono yote miwili imeshika hendeli ya chuma. Anazungusha. Chuma kinakohoa mara moja, kinanyamaza.

"Bado," anasema, bila kumtazama mtu.

Anazungusha tena. Kimya. Nyuma yake wamesimama wanawake wa Mkunya, kila mmoja na mtungi au debe kichwani. Wametoka bondeni, wamepanda mwinuko mkali wa genge na maji hayo, na hakuna aliyetua. Hawajajua kama wayapeleke nyumbani au wayatoe hapa.

Leo ni Jumamosi. Jumatatu shule inafunguliwa. Chuma hiki kikiendelea kukohoa na kunyamaza, binti wa Bartholomayo, Regina, hatakwenda darasani. Atakwenda bondeni kuchota maji, kama alivyokwenda kila siku tangu mwezi wa Tano.

"Pumzika kidogo, Baba Arthur," mkewe anamwambia. Cecilia amekaa juu ya gogo, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, fimbo yake iko ubavuni.

"Nikipumzika nitaanza kufikiri," anajibu mumewe. "Niacheni nizungushe."

Tuseme ukweli: mtu akiliona trekta hili kwa mara ya kwanza atacheka. Mwandishi wa habari hizi alicheka, na akatazamwa vibaya. Magurudumu yake ni chuma kitupu, hayajui mpira. Kiti chake ni bati lililotobolewa matundu. Rangi yake ya zamani imebaki chini ya tangi la mafuta tu, mahali ambapo mvua haikuweza kufika. Kwingine kote ni kutu.

Lililetwa na mlowezi mmoja wa Kizungu miaka mingi kabla ya vita, alipotaka kulima pamba huku juu. Likalima misimu michache, likasimama kando ya njia ya Newala. Mwenyewe akapanda lori kwenda Lindi na hakurudi tena. Mkorosho ukaota chini yake, ukakua, ukapitisha matawi katikati ya usukani, mpaka ikafika siku watoto wakawa wanachuma mabibo hali wamekaa kwenye kiti cha dereva.

"Sisi wasichana tulikuwa tunaliamkia," anasema Cecilia. "Tukipita na mitungi, tunasema shikamoo trekta. Halikuitika hata siku moja, lina kiburi!"

Wanawake wanacheka. Bartholomayo hacheki.

Bartholomayo si mtu wa huku juu. Alizaliwa Lisekese, upande wa Masasi, katika nyumba ya watu wa kanisa. Baba yake alikuwa seremala wa misheni. Alipomwoa Cecilia alimfuata kwao Mkunya, kwa desturi ya huku, ya mwanamume kwenda kukaa kwa watu wa mkewe. Ana umri wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mabega makubwa kuliko mwili wake.

Karanga zilipoanza kulimwa Nachingwea baada ya vita, alikwenda kutafuta kazi kama vijana wengi. Wakampa kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Akaosha na kutazama, akatazama na kuuliza, mpaka akawa msaidizi wa mafundi. Kazi ya karanga ilipopunguzwa na watu kurudishwa makwao, wenzake walirudi na baiskeli na miwani ya jua. Yeye alirudi na sanduku la spana.

"Mama mkwe alifungua lile sanduku akidhani kuna nguo," anakumbuka. "Alifunga tena, akanyamaza siku nzima."

Siku hizi anakaa kwenye baraza la duka moja pale Newala, anatengeneza baiskeli, cherehani na taa za karabai. Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi thelathini na ushei. Kwa kiangazi kama hiki cha mwaka 1957, debe moja la maji Newala huuzwa senti themanini, na nyumba yake haiwezi kuishi kwa chini ya madebe mawili kila siku. Msomaji na apige hesabu mwenyewe.

Mgeni anayetoka pwani huchukua muda kuelewa habari ya maji ya Mkunya. Ardhi hii ni nzuri, ina mihogo, ina mikorosho, ina mchanga mwekundu usiojua jiwe. Ila haishiki maji. Mvua ikinyesha huzama moja kwa moja, na mtu akichimba kisima huchimba mpaka akate tamaa. Maji yako bondeni, chini ya genge, na njia ya kuyafuata ni ya miguu, nyembamba, inayoteleza asubuhi kwa umande na mchana kwa changarawe. Ipo na barabara ya mzunguko iliyochongwa zamani kwa magari, lakini ni ndefu mno kwa mtu mwenye mzigo kichwani.

Mwandishi alipofika kwa Bartholomayo jana, alipewa kiti, akaulizwa habari za njiani, akaletewa kikombe cha bati. Maji yalikuwa nusu kikombe. Alidhani Mama Arthur amesahau. Akanywa kwa mkupuo mmoja, akanyoosha kikombe.

Nyumba nzima ilikitazama kile kikombe. Kisha Cecilia akainuka kwa fimbo yake, akaenda kwenye mtungi, akarudi na nusu nyingine. Mwandishi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usijali," Bartholomayo alimwambia baadaye, akicheka. "Hata mimi nilipokuja kuoa niliomba maji ya kuoga. Maji ya kuoga, bwana! Mabibi walitazamana. Wakaniletea kata moja. Nikauliza, hii ni ya kunawa uso? Wakasema, hapana, hiyo ni yako mpaka Ijumaa."

Cecilia alianguka mwezi wa Tano. Alikuwa anapanda na mtungi, mahali wanapopaita Kona ya Mzizi, na mguu ukateleza. Mtungi ulivunjika palepale. Yeye alibiringika mpaka kwenye vichaka, kifundo cha mguu kikageuka nyuma. Wenzake walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni.

"Unajua nililia nini pale chini?" anauliza Cecilia. "Si mguu. Mguu sikuusikia kwanza. Nililia maji yangu. Niliyaona yanaingia mchangani, nikalia kama mtoto."

Mguu uliunga, lakini haukunyooka. Genge hawezi kulipanda tena. Mtoto wao mkubwa, Arthur, yuko kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi. Akabaki Regina, aliyekuwa darasa la tatu. Ukitoka alfajiri kwenda bondeni, ukasubiri zamu yako kwenye chemchemi, ukapanda na mzigo kwa shingo changa, unafika juu wenzako wamekwisha maliza masomo. Mwalimu wake, Mwalimu Nathanaeli, alivumilia muhula mzima. Mwishowe alikuja nyumbani mwenyewe.

"Nilimwambia Baba Arthur ukweli," anasema mwalimu huyo. "Nafasi ya Regina nitaishikilia mpaka siku ya kufungua. Baada ya hapo siwezi. Kuna watoto wanasubiri mlangoni."

Basi Bartholomayo akaanza kulitazama trekta. Miaka yote alikuwa akilipita kwa baiskeli kwenda kazini, na miaka yote alikuwa akijiambia kwamba lile limekufa. Siku moja alishuka, akaingiza mkono chini ya mkorosho, akashika gurudumu la injini, akasukuma. Likasogea.

"Kidogo tu," anasema, akionyesha kwa kidole na gumba. "Lakini nilisisimka mpaka nywele. Chuma hakijashikana! Miaka yote ile, kinanyeshewa, kinakaliwa na watoto, na bado ndani kuna mafuta. Nilikaa chini. Nilishindwa hata kupanda baiskeli."

Jumbe wa kijiji akapeleka ombi bomani. Bomani wakajibu kwamba chuma kile hakina mwenyewe, wakichukue wakiweza. Wanawake wakakubaliana kuchangia mafuta, kila nyumba kwa korosho zake. Shauri lilikuwa hili: trekta literemke kwa barabara ya mzunguko mpaka kwenye chemchemi, likivuta gari la mbao lenye mapipa manne, lipande nayo juu. Safari moja ya trekta ingelingana na mitungi ya asubuhi nzima.

Lakini lilikuwa wapi hilo trekta? Lilikuwa kila mahali. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limening'inizwa shuleni, ndilo kengele. Mwalimu Nathanaeli alilitoa, na tangu siku hiyo anaita watoto kwa kupiga kelele. Hendeli alikuwa nayo mama mmoja, akivunjia nazi. Meno ya magurudumu ya nyuma Bwanali mhunzi alikwisha kuyafua majembe zamani sana.

"Niliyalima, yakaisha," anasema Bwanali bila haya. "Nikamfulia mengine. Na gari la mapipa nikalifunga kwenye ekseli ya lori lililokufa. Sasa tumelipana."

Mwezi uliopita, mkorosho ukiwa umekatwa, lilifungwa likakamilika. Watu wakajaa. Bartholomayo akaomba maji ya kupoza injini, yanayokaa kwenye lile tangi la mbele wanaloliita rejeta. Wanawake waliokuwa wametoka bondeni wakatua mitungi, wakamkabidhi. Akamimina mwenyewe. Akazungusha hendeli, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi chuma kile kikanguruma. Watoto walikimbia, mbuzi walikimbia, na mzee mmoja wa baraza naye alikimbia, ingawa hataki atajwe.

Akaliendesha mpaka hapa, ukingoni mwa genge, barabara inapoanza kuteremka. Hapo mlio ukabadilika. Ukatoka mvuke, ikanuka harufu ya chuma kinachoungua, pakasikika mshindo ndani. Likazimika.

Bartholomayo alishuka, akafungua kizibo cha rejeta kwa kitambaa. Ndani palikuwa pakavu.

Hakumlaumu mtu. Alijua palepale kilichotokea, kwa sababu maji aliyamimina yeye. Rejeta ile inameza madebe mawili na zaidi. Yeye alimimina nusu yake, akafunga.

"Nachingwea ningemfokea mtu kwa kosa hilo," anasema, na sauti inashuka. "Jambo la kwanza kabisa walilonifundisha lilikuwa kujaza maji. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilipoinua ule mtungi, nilimwona aliyeubeba amesimama pale, shingo inamtetemeka bado. Nikamimina, nikamimina, kisha mkono ukakataa. Nikajiambia, yatatosha. Mimi ni mkwe hapa. Nimekaa na watu hawa miaka yote hii, sijapata kuona mtu anajaza chombo cha maji mpaka juu. Niliona haya. Ndivyo ilivyokuwa. Niliona haya, nikaliua trekta."

Alipolifungua alikuta pistoni tatu nzima na moja imepasuka. Pistoni ni lile kopo la chuma linalopanda na kushuka ndani ya injini. Bila hilo hakuna kitu. Aliandikia maduka ya Lindi. Wakamjibu kwamba mashine ya namna hiyo hawajapata hata kuisikia.

Lakini ilikuwapo pistoni nyingine, na Bartholomayo alikuwa akijua siku zote iko wapi. Mlowezi alipoondoka aliacha sanduku la vipuri, watu wakagawana. Marehemu mume wa Bibi Stamili alichukua kopo zito la chuma, akampelekea mkewe zawadi. Bibi Stamili akaligeuza kinu cha ugoro. Tangu siku hizo hutwanga tumbaku yake ndani ya kile chuma kwa mchi wa mpingo, asubuhi na jioni.

Bibi Stamili ni bibi yake Cecilia, mzaa mama. Ni Mwislamu wa zamani za zamani, ingawa mjukuu wake alibatizwa shuleni. Ana ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, na macho yasiyokosa kitu. Kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu, humwita Bartholomayo "mume wangu" mbele ya kila mtu, na Bartholomayo hajapata kuzoea.

Alikwenda jioni pamoja na mkewe. Akakaa mkekani, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akauliza habari za korosho. Akauliza habari za mbuzi. Akasema mvua za mwaka huu huenda zikachelewa. Bibi Stamili akatwanga ugoro wake taratibu mpaka akachoka kusikiliza.

"Mume wangu," akasema, "umekuja kuniposa upya, au umekuja kuchukua kinu changu?"

Cecilia alijifunika kanga usoni asicheke. Bartholomayo alitazama mkeka.

"Kinu, Bibi."

"Kinu hiki alinipa mwenzio, Mungu amrehemu. Ndicho kitu chake pekee nilichobaki nacho kinachofanya kazi." Akakikung'uta, akakiangalia ndani, akakisukuma mbele yake juu ya mkeka. "Kichukue. Regina asome. Lakini kuna sharti. Siku ya kuliamsha hilo dude, wewe maji huyagusi."

Bartholomayo alikiosha kinu kile kwa mafuta ya taa siku mbili na bado kikanuka tumbaku. Ndani ya injini, ukuta ambao pistoni iliyopasuka ilikuwa imeukwaruza, aliusugua kwa majani ya msasa na mafuta, kama wachonga vinyago wanavyosugua mpingo, mpaka ukang'aa. Kisha akakiingiza kinu mahali pake. Kikaingia bila kugombana.

Na hapo ndipo tulipo Jumamosi hii asubuhi. Pistoni imo. Petroli ya kuwashia imo. Bartholomayo anazungusha hendeli, chuma kinakohoa, kinanyamaza. Rejeta haijatiwa hata tone.

Bibi Stamili amekaa kwenye kigoda chake karibu na gurudumu. Amemtazama vya kutosha.

"Mume wangu, unafanya nini hapo?"

"Nataka kwanza nisikie kama moto unashika, Bibi. Nikisikia unashika, ndipo tuombe maji. Ili yasipotee bure."

"Ahaa. Unayabana tena."

Kuna mtu anacheka. Bartholomayo anaiachia hendeli. Anasimama wima, mikono imening'inia, na kila mtu anaona kwamba amekamatwa kosa lilelile kwa mara ya pili.

Bibi Stamili anainuka. Kuinuka kwake ni kazi, lakini anakataa mkono wa mtu. Anamgeukia mwanamke aliye karibu naye, anamshusha mtungi kichwani, na wanawake wote wanasikia anachosema.

"Mjukuu wangu alianguka na mtungi, maji yakamwagika. Mama yangu mimi alianguka na mtungi, maji yakamwagika, na yeye hakuinuka. Genge limemwaga maji yetu miaka yote, halikutuomba ruhusa hata siku moja. Leo nayamwaga mimi, kwa kupenda kwangu. Mwenye kinyongo na achukue mtungi wake aende."

Hakuna aliyeondoka. Mitungi ikaanza kutuliwa.

Bwanali alishika kizibo. Bibi akamimina mtungi wa kwanza wote, mpaka akaugeuza mdomo chini. Akapewa wa pili. Akapewa debe. Mikono ilipomwishia nguvu, wanawake wengine wakawa wanamimina na yeye anasimamia.

"Basi, Bibi," akasema Bartholomayo. "Inatosha."

"Imejaa?"

"Imekaribia."

"Sikukuuliza kama imekaribia."

Wakamimina tena. Maji yakatokeza mdomoni mwa rejeta, yakatulia kidogo yaking'aa kwa jua, kisha yakafurika. Yakateremka mbele ya trekta juu ya kutu, yakadondoka mchangani. Mwanamke mmoja alikinga kiganja chini yake bila kufikiri. Alipojiona, akakiondoa mwenyewe, akayaacha yaende. Mwandishi wa habari hizi amekwisha kuona mito mikubwa ikifurika, lakini hajapata kuogopa maji kama alivyoyaogopa yale.

"Sasa imejaa," akasema Bibi Stamili. "Zungusha."

Alizungusha. Chuma kikakohoa, kikanyamaza. Akazungusha tena, kwa mwili mzima, na pale hendeli ilipofika juu, kitu ndani kilishika.

Jamani, mlio ule! Ulianza kwa kusitasita, mmoja, mmoja, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, kisha ukaungana ukawa mngurumo mmoja uliotoka chini ya miguu. Majani ya mikorosho yakatetemeka. Moshi mweusi ukapanda, ukawa wa kijivu, ukawa mwembamba. Watu wanaapa kwamba moshi wa kwanza ulinuka ugoro, na kweli watu kadhaa walipiga chafya. Bibi Stamili alisimama mbele ya trekta, akaweka kiganja juu ya chuma kinachotetemeka, akakiacha pale muda mrefu. Alichokuwa akikisema hakikusikika kwa ngurumo.

Bartholomayo alilia. Hakujificha. Alilia huku anageuza koki kutoka petroli ya kuwashia kwenda mafuta ya taa ya kuendeshea, na huku anasikiliza, sikio limeelekea pale kilipo kinu.

Trekta lile halina breki za kuaminika. Kwa hiyo wanaume walilifuata kwa miguu barabara nzima ya mzunguko, wameshika kabari za mti, tayari kuzitupia chini ya magurudumu. Liliteremka kwa gia ndogo kabisa, taratibu kuliko mwendo wa mtu. Mapipa matupu yakagongana nyuma. Kila kona watu waliinua kabari. Mwandishi alifuata mpaka nusu ya njia, uoga ukamshinda, akarudi juu kungoja na wanawake.

Walingoja ukingoni. Mlio ulipotea chini, ukawa hausikiki. Hakuna aliyekwenda nyumbani kupika. Cecilia alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Likizimika huko chini," alisema, "nitajua kosa ni la Mungu. Maji tulijaza."

Kisha, kabla ya kuonekana kitu, likasikika. Kwanza kama nyuki. Wakaambizana, "Kimya, kimya!" Mlio ukazidi. Likatokeza kwenye kona ya mwisho, pua juu, meno aliyoyafua Bwanali yanauma mchanga, na nyuma yake mapipa manne yamejaa, maji yanaruka pembeni kila gurudumu likipita shimoni. Bartholomayo alikuwa amesimama wima, hakukaa kwenye kiti. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mama mmoja mtu mzima alipiga magoti barabarani, na ilibidi avutwe pembeni ili trekta lipite.

Katika maisha yake ya kazi mwandishi huyu ameona magavana wakipokewa kwa bendi. Hajapata kuona kitu kikubwa kama mapipa yale manne yakifika Mkunya.

Nyuma ya gari alikuwa anatembea Regina. Alikwenda bondeni alfajiri kama kawaida, kabla ya yote haya, na trekta lilimkuta kwenye zamu ya chemchemi. Mtungi wake ulikuwa umepakiwa kati ya mapipa. Yeye alikuwa anapanda mikono mitupu, shingo bado ameikaza, na hiyo mikono hajui aiweke wapi. Mara aishike kiunoni, mara aipeleke kichwani na kukuta hakuna kitu.

Mama yake alimwona hivyo, akageuka akatazama upande mwingine.

Jumatatu asubuhi mwandishi alikuwa bado yuko Mkunya. Shule haina kengele. Kengele iko chini ya trekta, inazunguka. Mwalimu Nathanaeli alisimama mlangoni tayari kuita kwa sauti, lakini hakuhitaji. Trekta liliwashwa ukingoni mwa genge, likasikika mashambani kote, na watoto wakatoka mbio kila upande. Regina alikuwa miongoni mwao, amefunga vitabu kwa kamba. Nafasi yake ilikuwa palepale, dawati la pili karibu na dirisha.

Jioni, mafuta bado hayajatoka kwenye kucha zake, Bartholomayo alikaa na mgeni wake barazani. Aliulizwa ana mipango gani.

"Nisikudanganye, ni zee," alisema. "Kila usiku nikilala nasikia kama limezimika. Likinipa misimu mitatu nitashukuru. Ndani ya misimu mitatu Regina atakuwa amekwisha fanya mtihani wa darasa la nne, na watu wa huku wataanza kuuliza kwa nini hakuna bomba. Zamani hawakuuliza. Sasa wameyaona maji yanapanda yenyewe, wataniuliza mimi, watamwuliza jumbe, watakwenda mpaka bomani."

Kutoka nyumba ya pili ulisikika mchi. Bwanali alikuwa amemfulia Bibi Stamili kinu kipya kwa kipande cha ekseli, na bibi analalamika kwa kila apitaye kwamba ugoro wake hauna ladha.

"Lakini unajua ninachokitaka hasa?" Bartholomayo akaendelea. "Nataka nipate wajukuu wabadhirifu. Wajukuu wanaomwaga maji hovyo, mpaka mimi mzee niwafokee. Niwaite, nyie watoto, hamna adabu na maji! Na wao waniangalie tu, hawajui ninasema nini."

Cecilia akamletea mgeni maji. Mkono wake ulimimina, ukafika nusu kikombe, ukasimama wenyewe. Akautazama mkono wake, akacheka kwa aibu.

"Mkono umezoea," alisema.

"Lete, mama," akasema Regina.

Akachukua jagi kwa mama yake, akalishika kwa mikono miwili. Akamimina. Maji yakapita nusu, yakafika ukingoni mwa bati, yakafurika, yakadondokea viatu vya mgeni. Baba yake akafungua mdomo, akaufunga. Regina aliendelea kumimina.